Kayaki za taa Desemba: mwongozo kamili wa kutoka na kurudi taa zikiwaka

Kila mwaka ukianza, napokea malalamiko yaleyale kutoka kwa waliotoka baharini usiku wa Desemba na kayaki, vile vimashua vyembamba vya kupiga kafi, vikiwa vimepambwa taa. Taa zilizimika hata robo saa haijaisha. Tulirudi tukakuta bahari imeondoka, tukaburuta kayaki kwenye tope la magotini. Simu ilizama. Dada mmoja alijipamba kwa taa nyekundu na kijani, rangi za sikukuu, boti ya wavuvi ikamkatia njia kwa karibu mno kwa sababu nahodha hakuelewa anaona nini.

Nikiwauliza walianzaje kujiandaa, jibu ni moja: tulikwenda Kariakoo kununua taa. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Katika mwongozo huu taa ziko hatua ya tano, na nimeziweka huko makusudi.

Naandika nikiwaza Ghuba ya Msasani, Dar es Salaam, upande wa magharibi wa Rasi ya Msasani, ambako jua huzama mbele yako juu ya maji na ambako napiga kafi mwenyewe. Ukiwa Kunduchi, Mbezi Beach au Kigamboni, hatua ni hizihizi, ila waulize wenyeji kuhusu miamba na mikondo ya kwao. Na ukipekua mtandaoni utakuta maelezo mengi yameandikwa na watu ambao Desemba yao ni theluji: mavazi ya mpira mwili mzima, chupa za chai ya moto. Desemba yetu ni kaskazi (ule upepo wa kutoka kaskazini), jasho na mvua za vuli zinazomalizikia. Waachie wenyewe.

## Vitu vya kuwa navyo

Vya mwili na usalama

- Jaketi la kuokolea linalokubana vizuri. Likivutwa mabegani lisipande kupita kidevu.
- Filimbi ya plastiki, imefungwa kwenye jaketi lenyewe. Ya chuma yenye gololi ya mbao hushika kutu na kunyamaza.
- Tochi nyeupe ya mkononi isiyoingiza maji, yenye kamba ya kifundo cha mkono.
- Tochi ya kichwani inayoweza kupunguzwa mwanga.
- Raba za zamani au viatu vya majini. Kandambili hubaki topeni.
- Shati la mikono mirefu la nailoni au poliesta. Jezi ya mpira wa miguu ya mtumba inafaa kabisa. Pamba ikilowa haikauki, na upepo wa usiku ukiipiga utatetemeka hata Dar.
- Maji ya kunywa, lita moja na nusu kwa mtu mmoja.
- Mfuko usioingiza maji, ndani yake kanga kavu, simu na pesa kidogo.

Vya taa

- Taa ndogo za mapambo za waya, nyeupe au za manjano, zinazotumia betri ndogo tatu au pawabanki.
- Betri za alkalini, seti mbili.
- Kopo la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha. La siagi ya karanga linatosha.
- Gundi ya silikoni ya mafundi vioo.
- Kamba nyembamba ya nailoni na vibanio vya plastiki vya mafundi umeme.
- Bomba jembamba la plastiki au mwanzi, urefu wa mita moja hivi.

Kayaki na kafi kwa kawaida utapewa na mwandaaji. Usinunue chombo kwa ajili ya usiku mmoja.

## Hatua ya 1: Chagua usiku kwa maji, sikukuu baadaye

Hii ndiyo hatua inayowaangusha wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Bahari ya Dar es Salaam hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Ufukwe wa ghuba ni wa mteremko mdogo sana, hivyo mita 3 za kimo zinageuka kuwa uwanja mpana wa tope na mchanga. Wakati wa maji mafu, nusu ya mwezi inapoonekana, tofauti hupungua sana na bahari hutulia.

Jambo ambalo wageni hawalijui: siku za bamvua, maji kwetu hujaa karibu saa 10 jioni na kupwa karibu saa 4 usiku. Fikiria maana yake. Ukiingia saa 12:30 jioni usiku wa mwezi mpevu, umeingia maji yakiwa tayari yanatoka. Ukirudi saa 3, karibu yameisha.

Najua kwa sababu yamenikuta. Mwandaaji mmoja alichagua usiku wa mwezi mpevu "ili picha zipendeze". Picha zilipendeza. Kisha watu kumi na sita tulibeba kayaki zetu kwenye tope lenye maganda ya chaza, gizani, huku mbu wakila chakula cha usiku. Aliyepanga safari alikuwa amesimama barabarani anatumulikia tochi na kutupa moyo.

Kila siku inayopita, maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Kwa hiyo ukisubiri siku tatu hadi sita baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, kilele cha maji kujaa kinasogea hadi kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku. Hapo unatoka maji yakiwa mengi na unarudi yangali mengi. Kwa anayefuata kalenda ya Kiislamu ni rahisi zaidi: tazama tarehe 3 hadi 5 na tarehe 18 hadi 20 za mwezi.

Kuna faida ya pili. Siku hizo baada ya mwezi mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza, kwa hiyo mbingu ni nyeusi na taa zako zinaonekana hasa. Mbalamwezi huzimeza taa ndogo.

Usiishie kwenye hesabu yangu. Fungua jedwali la maji kujaa na kupwa la Dar es Salaam la tarehe yenyewe, kisha mpitie mvuvi yeyote anayeshona nyavu Msasani. "Shikamoo mzee. Keshokutwa maji yanajaa saa ngapi jioni?" Atakujibu bila kutazama simu. Majibu mawili yakifanana, umemaliza.

Umefaulu ikiwa: una tarehe ambayo maji yatakuwa yanajaa au yamesimama muda wote utakaokuwa nje, na saa moja ya ziada. Kama tarehe hiyo haigusi Krismasi wala Mwaka Mpya, sherehekea tarehe 28. Bahari haina kalenda ya sikukuu.

## Hatua ya 2: Soma upepo

Rasi ya Msasani inakinga ghuba dhidi ya kusi, ule upepo wa katikati ya mwaka. Ndiyo maana Julai, wakati Coco Beach inachemka mawimbi, ndani ya ghuba unaweza kukuta maji kama ya beseni. Desemba mambo yanageuka. Ghuba imefunguka upande wa kaskazini, na kaskazi inaingia bila kubisha hodi.

Kaskazi mara nyingi huwa na nguvu alasiri na kupungua baada ya jua kuzama. Usiamini kwamba itapungua. Fika ufukweni saa 10:30 na utazame. Ukiona vishungi vyeupe vimetapakaa juu ya mawimbi, upepo umeshafika noti 10 (kilomita 18 hivi kwa saa) au zaidi, na hiyo si hali ya mtu anayeanza, awe na taa au asiwe nazo.

Pitia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania asubuhi ya siku hiyo. Wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, safari imekufa. Usibishane nayo.

Radi ni neno la mwisho. Ukiisikia hata kwa mbali, wewe juu ya maji ndiye uliyesimama juu kuliko kila kitu.

Na mvua kubwa ikinyesha jana, ahirisha hata kama leo ni shwari. Mto Mlalakuwa unashusha uchafu wa mitaa kuelekea baharini, na maji ya siku hiyo hutaki yakuingie mdomoni.

## Hatua ya 3: Mhoji mwandaaji

Ukiona tangazo la safari ya taa, usilipe kabla ya kupata majibu haya:

Kuna boti ya injini itakayotusindikiza? Wanaongoza wangapi, na nani anakaa nyuma kabisa? Mna majaketi ya ukubwa wangu, na ya watoto kama wapo? Njia ni ipi na ni kilomita ngapi? Upepo ukibadilika tunatokea wapi? Mkiahirisha, pesa inakuwaje?

Swali la mwisho lina maana kuliko linavyoonekana. Mwandaaji asiyerudisha pesa wala kuhamisha tarehe ana sababu ya kukuingiza majini hali ikiwa mbaya.

Kwa anayeanza, njia nzuri ni kilomita 2 au 3 zinazoambaa na ufukwe, zisizozidi saa moja na nusu. Kuna maeneo matatu ambayo watu huyaomba sana na mimi huyakataa. Mlango wa bandari pale Kivukoni, kwa sababu vivuko na meli kubwa hupita usiku na havina breki. Chini ya Daraja la Tanzanite, kwa sababu ni mdomo wa Mto Msimbazi: maji machafu, mafungu ya mchanga na mkondo unaokuvuta maji yakitoka. Ukitaka picha ya taa za daraja, ipige ukiwa nchi kavu. Tatu ni visiwa vya Bongoyo na Mbudya: viko ndani ya hifadhi ya bahari na kuna maji ya wazi katikati. Hivyo ni vya mchana.

Omba kayaki ya kukalia juu, ile isiyo na shimo la kuingiza miguu. Ukianguka unaanguka tu, haikung'ang'anii. Kama hujawahi kupiga kafi, omba ya watu wawili na ukae na mwenye uzoefu.

## Hatua ya 4: Anguka mchana

Usiku wa taa usiwe mara yako ya kwanza kukaa kwenye kayaki. Nenda mchana, siku yoyote kabla, dakika arobaini zinatosha. Fanya mambo mawili.

La kwanza ni kupiga kafi kwa kiwiliwili. Mikono ikinyooka kiasi, zungusha mabega, kafi liingie majini karibu na vidole vya miguu na litoke usawa wa nyonga. Anayevuta kwa mikono pekee huchoka baada ya dakika kumi na tano, na usiku akichoka anabaki nyuma.

La pili ni kuanguka kwa hiari na kupanda tena. Nenda penye maji ya kifuani, jipindue. Kisha:

1. Shika kayaki kabla ya kitu kingine. Upepo huisukuma haraka kuliko unavyoogelea.
2. Kama imelala kifudifudi, igeuze kwa kushika ukingo wa mbali na kujivuta nyuma.
3. Pandia ubavuni, katikati. Usipitie omo (mbele) wala tezi (nyuma).
4. Acha miguu ielee nyuma yako, piga mateke, jivute hadi tumbo lilale juu ya kayaki kama gunia juu ya baiskeli.
5. Geuza makalio yaingie kitini, ndipo uingize miguu.

Kwenye kayaki ya wawili, mmoja hushikilia ubavu wa pili ili isipinduke wakati mwenzake anapanda.

Umefaulu ikiwa: umepanda mara tatu bila kusaidiwa. Ukishindwa zote, panda kayaki ya wawili au usubiri mwakani. Ni afadhali niseme hapa kuliko nahodha wa boti ya kusindikiza akuambie saa 2 usiku.

## Hatua ya 5: Funga taa

Sasa nenda Kariakoo.

Nunua za betri. Zenye betri ndogo tatu hutumia volti 4.5, za pawabanki volti 5. Maji ya chumvi yakizifikia zitaharibika, lakini hazitakudhuru. Zile za kuchomeka ukutani ni za volti 230. Usikubali fundi yeyote akuunganishie betri ya gari na mtambo wa kugeuza umeme ili uzitumie majini, hata akikuapia.

Zijaribu nyumbani. Ziwashe saa 12 jioni na uziache hadi saa 4 usiku. Betri za bei rahisi, zile zinazokuja na rimoti, hung'aa mwanzoni na kufifia mapema. Hiyo ndiyo siri ya taa nyingi zilizozimika robo saa. Za alkalini hudumu zaidi. Kama taa zina kitufe cha kubadilisha mtindo wa kuwaka, ziweke kwenye kuwaka moja kwa moja. Kumetameta kunachosha macho ya walio nyuma yako.

Linda kisanduku cha betri. Toboa mfuniko wa kopo tundu la ukubwa wa waya, pitisha waya, ziba kwa silikoni pande zote mbili, acha ikauke siku nzima. Weka betri ndani na kitambaa kikavu, funga. Lizamishe kopo kwenye ndoo kwa nusu saa. Kitambaa kikitoka kikavu, kopo limefaulu. Kikitoka na unyevu hata kidogo, rudia silikoni. Wengi huzungushia mfuko wa plastiki na utepe wakaona wamemaliza. Chumvi hupita humo kama njia yake.

Funga kwa kamba, utepe ni msaada tu. Utepe haushiki kwenye plastiki yenye chumvi na mafuta ya kujipaka. Pitisha kamba ya nailoni kwenye pete na vishikio vya kayaki, kisha bana waya wa taa juu ya kamba kila baada ya shubiri mbili. Kata ncha za vibanio, la sivyo zitakuchana mapaja.

Anzia ubavuni mwa kiti, malizia kwenye tezi. Usiweke taa mbele ya macho yako. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na taa moja kali kwenye omo inakurudisha mwanzo kila ukitazama mbele. Taa za safari hii ni za kuonekana, si za kuonea. Waya wowote usining'inie majini, usivuke mahali pa miguu, na usijizungushie shingoni wala kiunoni. Ukianguka, waya ni mtego.

Simamisha taa nyeupe nyuma yako. Ifunge juu ya bomba la mita moja, nyuma ya kiti. Mawimbi huficha taa zilizo chini, hii ya juu ndiyo boti itaiona. Na taa moja ndogo iwe begani kwenye jaketi. Ukiachana na kayaki, hiyo ndiyo itakayoonyesha uliko.

Kuhusu rangi. Majini, nyekundu na kijani si mapambo. Chombo kinachotembea usiku huonyesha nyekundu upande wake wa kushoto na kijani upande wa kulia. Nahodha akiona zote mbili pamoja anajua chombo kinamjia uso kwa uso, akiona moja anajua kinavuka. Wewe ukijizungushia zote kama mti wa Krismasi, unamwambia maneno kumi kwa wakati mmoja. Bluu ya kuwakawaka iachie polisi. Nyeupe na manjano zinatosha kupendeza. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana, kanuni ya 25, zinamtaka mpiga kasia asiye na taa za chombo awe na tochi nyeupe tayari ya kuonyesha mapema kabla ya kugongwa. Ndiyo ile tochi ya mkononi kwenye orodha. Iwe kifundoni, isiwe ndani ya mfuko.

Umefaulu ikiwa: mwenzako akisimama hatua hamsini gizani anaona umbo la kayaki, na wewe ukikaa kitini huoni balbu hata moja bila kugeuka.

## Hatua ya 6: Siku yenyewe

Foleni ya Desemba unaijua. Kutoka Mwenge au Morocco kwenda Msasani jioni ya wiki ya sikukuu, ongeza saa nzima. Anayefika jua likizama hufunga taa gizani kwa mikono inayotetemeka, na kundi zima linamsubiri maji yakienda.

Kula saa mbili kabla: wali, ndizi, chochote unachokizoea, usishibe sana. Kunywa maji tangu mchana. Bia ni ya baada. Sisemi hivi kwa ajili ya dini wala adabu: pombe huondoa usawa, na kayaki ni usawa mtupu.

Mwachie mtu aliye nyumbani ujumbe: mmetokea wapi, mko wangapi, mnarudi saa ngapi. Mkipita saa moja bila habari, ampigie mwandaaji, kisha 112.

## Hatua ya 7: Ingia kabla giza halijakamilika

Mwishoni mwa Desemba jua huzama Dar kati ya saa 12:35 na 12:45 jioni, na baada ya dakika ishirini na kitu giza limeshika. Ingia majini jua likigusa maji. Unapata mwanga wa kupangana, kurekebisha kiti na kumzoea mwenzako, na macho yanazoea giza taratibu pamoja na mbingu.

Kabla ya kuondoka, mhesabiane kwa sauti. Kila mtu aseme namba yake na akumbuke ya aliye mbele na nyuma. Kubalianeni filimbi: mlio mmoja ni simama na utazame, mitatu ni msaada. Washa taa zote ufukweni. Ya mtu ikigoma, irekebishwe hapohapo au atoke na taa nyeupe ya bombani peke yake. Hakuna aibu.

## Hatua ya 8: Kwenye msafara

Acha nafasi ya kayaki mbili kati yako na wa mbele. Usiku umbali hudanganya, na taa za mapambo zikifuatana zinaonekana zimegusana.

Boti ikija, usikimbie kukata njia yake. Simama, mulika tochi nyeupe kuelekea kwake mara kadhaa, kisha mulika kayaki yako mwenyewe ili aone ukubwa wa chombo. Usimpige machoni kwa muda mrefu, utampofusha. Akishapita, geuza omo lielekee mawimbi yake. Yakikupata ubavuni ndiyo yanayopindua.

Taa kali za mbali baharini, zile zinazofanana na kijiji, mara nyingi ni wavuvi wa dagaa, ambao hutoka siku za giza. Usiwasogelee. Taa zao ni kazi, wamezunguka nyavu, na kafi lako likinasa kwenye wavu wa mtu hamtaelewana. Karibu na ufukwe angalia chupa za plastiki zinazoelea kwa mstari: hayo ni maboya ya nyavu. Pita nje yake. Kumbuka pia kwamba ngalawa nyingi hazina taa kabisa. Utasikia maongezi kabla ya kuona tanga, kwa hiyo ule muziki wa spika uzimwe mara kwa mara.

Chuchunge wadogo, samaki wale wembamba, huruka kufuata mwanga. Akikugonga mkononi utapiga kelele, wenzako watacheka, mtaendelea.

Katikati ya safari omba kitu kimoja: taa za mapambo zizimwe dakika tatu, zibaki nyeupe za bombani. Sogeza kafi polepole majini. Kuna usiku ambao maji yanacheka cheche za kijani kila unapoyagusa, ni viumbe wadogo mno wanaong'aa wakisumbuliwa. Kuna usiku hakuna kitu. Ila walioziona hawazungumzii tena picha walizopiga.

Ukihisi kuchoka, sema mapema. Mtu wa nyuma ana kamba ya kuvutia na hiyo ndiyo kazi yake. Anayenyamaza ndiye anayesimamisha safari nzima baadaye.

## Hatua ya 9: Kutoka majini

Shuka maji yakiwa ya magotini, kayaki ikiwa imeelekea nchi kavu, na usisimame kati yake na ufukwe. Wimbi dogo tu likiisukuma inakuvunja goti.

Sasa kuna taa wengine ambao hutaki kukutana nao: samaki taa, anayelala amejifukia mchangani. Usiinue miguu kama unatembea barabarani. Iburute. Taa akihisi mtikisiko anaondoka, akikanyagwa anachoma kwa mwiba wa mkiani. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia bila kuungua, maumivu yatapungua, kisha nenda hospitali usiku huohuo. Mwiba huacha vipande ndani.

Hesabianeni tena kwa sauti kabla ya mtu yeyote kufungua mfuko wa chakula. Kisha mpigie yule uliyemwachia ujumbe.

## Hatua ya 10: Kabla ya kulala

Hii watu huiruka, ndipo mwakani wananiuliza kwa nini taa nzuri hazikuwaka tena.

Toa betri usiku huohuo. Suuza waya, jaketi, filimbi na viatu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ndoo moja inatosha. Vitandaze kivulini, kwa sababu jua kali hukakamaza plastiki ya waya. Kopo liache wazi hadi liwe kavu kabisa, halafu viringisha taa juu ya kipande cha boksi ili zisijifunge mafundo. Betri zilizobaki na nguvu zirudishe kwenye rimoti.